Trei ya Bi Faidha

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari jipya, na kiwanda kimefunguliwa leo. Wanawake arobaini na wawili katika chumba cha kumenya, nami msimamizi wao kwa mwaka wa sita. Kiwanda chenyewe ni kidogo, hapa pembezoni mwa mji wa Newala. Korosho zikishabanguliwa na kupita kwenye tanuri hutufikia sisi zikiwa na lile ganda jembamba jekundu. Kazi yetu ni kulitoa kwa kisu kidogo bila kuivunja korosho. Inayotoka nzima na nyeupe ndiyo inayotafutwa. Mwaka huu kuna oda moja kubwa ya nzima tupu, mwisho tarehe 20 Desemba. Ikitimia, kazi itaendelea mpaka masika. Isipotimia, Januari tunafunga na kila mtu anarudi kwake kulima muhogo.

Shakila, Mama Sadallah wa Mkunya, kakaa palepale pake dirishani. Kushoto kwake Bi Faidha wa Mnyambe, ambaye msimu ukianza huhamia kwa binti yake hapa mjini. Shakila kamaliza trei tano, kipande hakuna hata kimoja. Sijaona mikono kama ile tangu niingie kazi hii. Nilisimama, nikatazama trei, nikasema, "Haya," nikaendelea na safari yangu.

Neno hilo nimelirithi. Baba yangu, Mwalimu Isaka, alifundisha shule za misheni kule Masasi miaka thelathini na moja. Nikimletea ripoti nimekuwa wa kwanza, aliisoma mpaka chini, akaikunja, akasema, "Haya." Nikiwa wa nne ndiyo alikuwa na maneno mengi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Harusi kwa jirani. Ngoma imelia tangu asubuhi na vumbi limetuingia mpaka kwenye wali. Bi Faidha alikuwepo. Binti mmoja alipokuwa anacheza vizuri sana, bibi aliinuka, akaingia katikati palepale ngoma ikilia, akamtunza: akamfuta jasho la uso kwa kanga yake mwenyewe, akarudi kukaa. Hakusema neno. Yule binti akacheza mara mbili ya mwanzo.

Jumanne, 15 Oktoba

Jua kali. Maji ya ndoo yamepanda bei. Trei za Shakila sita.

Alhamisi, 17 Oktoba

Meneja mpya kafika. Anaitwa Reginald, kijana wa miaka thelathini na kidogo, shati limenyooka, na shikamoo anatoa kwa kila aliyemzidi umri, hata kwa mpishi. Hilo nimelipenda. Sikumwambia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Semina. Meneja katukusanya wasimamizi wote watano kwenye chumba cha mizani akatuuliza kwa nini wafanyakazi wetu wazuri huondoka kila msimu. Tukasema malipo. Akasema malipo ndiyo, lakini pia mtu akifanya kazi vizuri mwaka mzima na asisikie lolote, mwisho anaamini haonekani.

Kisha akanigeukia. "Mama Glory, samahani, mara ya mwisho kumsifia mfanyakazi ilikuwa lini?"

Nikafikiri kwa haki kabisa. "Mwaka jana nilimwambia mlinzi kwamba lango halipigi kelele tena."

Wenzangu wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Mimi nilikuwa nimejibu kweli. Mtu ukimsifia sana kichwa kinavimba, na aliyevimba kichwa hashiki kisu sawasawa. Hivyo ndivyo ninavyoamini, na chumba changu ndicho chenye vipande vichache kuliko vyote. Isitoshe, vizuri vyao naviona. Naviandika humu kila jioni nikirudi. Nani anasema sioni?

Ijumaa, 25 Oktoba

Ubao umetundikwa ukutani, mkabala na mlango, umeandikwa MFANYAKAZI BORA WA WIKI kwa rangi ya kijani. Kila trei sasa imepigwa namba ya mwenyewe, na kila mtu ana mahali pake pa kuiweka, ili hesabu iende sawa. Wa kwanza kutajwa, bila ubishi, ni Shakila. Meneja alimpiga picha. Alijifunika nusu ya uso kwa kanga, meneja akamwomba aishushe, akaishusha. Wasichana wapya walipiga vigelegele. Wale wa zamani walipiga makofi mawili, wakarudi kwenye visu.

Mimi nilisimama pembeni nikaona ni mchezo tu, haudhuru mtu.

Ijumaa, 1 Novemba

Shakila tena.

Ijumaa, 8 Novemba

Shakila tena, wiki ya tatu mfululizo. Bi Faidha katoka trei nne kwa siku hadi mbili na kidogo. Nadhani ni uzee. Nitamwangalia.

Jumatano, 13 Novemba

Leo nimeona kitu ambacho sikukielewa. Benchi la dirishani lilikuwa la watu sita. Sasa wanakaa watatu, Shakila katikati peke yake kama kwamba kuna kitu kimemwagika pale. Saa ya chai kikombe cha maji kilizunguka meza nzima, na kilipomkaribia kikarudi kilikotoka. Akaendelea kumenya kama hakuona.

Nikasema moyoni, wivu wa wanawake, utapita. Mimi mwenyewe ni mwanamke, na ningesikia mwanaume anasema hivyo ningemjibu vibaya.

Jumatatu, 18 Novemba

Trei ya Shakila ina vipande. Sio viwili vitatu, ni robo ya trei. Nikangoja ya pili, vilevile. Nikamwendea nikamwambia mbele ya watu, "Mama Sadallah, picha ndiyo imekupanda kichwani?"

Mmoja wa upande wa pili akacheka kwa pua.

Shakila hakuinua macho. "Nisamehe, Mama Glory. Mkono umechoka."

Nilikwenda zangu nimeridhika. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba niliridhika.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua ya kwanza imeshuka saa nne asubuhi, kwa kishindo, na uwanda mzima ukanuka udongo. Watu walikimbia kuweka madumu na masufuria chini ya mabati. Kwa visima na matangi ni neema. Kwetu ni balaa, kwa sababu hewa ikiwa na unyevu lile ganda jembamba linang'ang'ania korosho, na ukililazimisha unapata vipande. Leo kila meza ina vipande. Zimebaki wiki nne kasoro kufika tarehe ishirini, na oda tuko nusu.

Bi Faidha aliziviringisha korosho kadhaa kati ya vidole viwili akasema, "Hizi zimetolewa tanurini mapema. Hazijakauka." Hakuna aliyemsikiliza. Hata mimi niliandika tu.

Lakini jioni nilichukua vipande vya Shakila nikavitazama mlangoni kwenye mwanga. Korosho inayovunjika kwa unyevu huwa na kingo zilizomeguka ovyo. Vya kwake vilikuwa vimekatwa, kila kimoja kimekatwa kwa kisu kikali, katikati, vizuri kama alivyo yeye.

Anavunja makusudi.

Alhamisi, 28 Novemba

Siku mbili Shakila hakuja. Meneja alikuwa na wasiwasi kuhusu oda, mimi nilikuwa na wasiwasi kuhusu kitu nisichokijua jina. Baada ya chakula cha mchana nilichukua bodaboda mpaka Mkunya.

Nilimkuta uani anatandaza makopa ya muhogo juu ya bati, anayageuza upande uliopata jua. Mvua ilikuwa imetulia. Alinipa shikamoo, akanitolea kigoda, akaendelea na muhogo wake. Nikamuuliza hali, watoto, shamba. Kisha nikamuuliza lililonileta.

"Mama Sadallah, zile korosho ulizikata mwenyewe."

"Nilizikata."

"Kwa nini?"

Aligeuza kopa jingine. "Nikivunja za kutosha, namba inashuka. Namba ikishuka, picha inashuka. Picha ikishuka nitapumua."

Nikamwambia sielewi, picha imemkosea nini. Ndipo akakaa chini, juu ya kinu kilicholala, akaniambia kwa sauti ya chini kama anayeongelea ugonjwa.

"Wanasema simenyi peke yangu. Wanasema nina chuma ulete. Kwamba nikikaa pale korosho za wenzangu zinahama zenyewe kuja kwenye trei yangu. Na ushahidi wanao. Tangu picha iwekwe, mimi napanda na Bi Faidha, aliye ubavuni kwangu, anashuka. Wanahesabu. Namba mmeziandika nyinyi wenyewe, kila mtu anasoma. Juzi Sadallah kaulizwa shuleni kama mama yake anafuga misukule darini. Mtoto wa darasa la tatu."

Nikataka kusema huo ni upuuzi. Sikusema, kwa sababu upuuzi huo naufahamu tangu nizaliwe, na najua mwanamke akishavishwa jina hilo halimtoki kwa sabuni wala kwa sala. Anahama kijiji.

"Bi Faidha mwenyewe anasemaje?"

Hapo akageuza uso. "Bi Faidha hasemi. Na mimi siwezi kumsemea."

"Kwa nini?"

"Mama Glory, usiniulize hilo."

Nilipoaga aliniambia atakuja Jumatatu kuchukua kisu chake, alikuja nacho kutoka nyumbani na ni cha mama yake. Baada ya hapo hataonekana tena kiwandani. Mumewe yuko Tunduru, ataangalia kama anaweza kumfuata.

Nikiwa nyuma ya bodaboda, upepo wa mvua usoni, kitu kikawa kinanikwaruza kichwani. Bi Faidha alikuwa akimaliza trei nne. Bi Faidha ambaye mwaka jana, siku ya sikukuu, alinisalimia mimi akidhani ni dada yangu. Trei nne kwa macho gani?

Nilipofika nyumbani niliteremsha sanduku la madaftari ya zamani. Nilianza na la mwaka juzi. Sikutafuta sana. Nanakili hapa kama yalivyo.

"14 Novemba. Shakila kamsogezea Bi Faidha mkono mzima wa korosho zilizomenywa, kisha mwingine. Hawakusemeshana. Roho nzuri kweli. Sikusema kitu."

"22 Novemba. Shakila tena na Bi Faidha. Nimehesabu mikono saba. Tunalipwa kwa kilo, kwa hiyo anatoa cha kwake."

"3 Desemba. Yule Mama Sadallah ni mtu. Nilitaka kumwambia, nikaona atajiona."

Na la mwaka jana liko vilevile, mara tisa. Mara tisa nimeandika kwamba ni mtu. Yeye hajui hata moja.

Kisha ubao ukaja, trei zikapigwa namba, kila moja ikawekwa mahali pake, na mikono ile ikakosa pa kupitia. Shakila akawa na trei zake zote. Bi Faidha akabaki na alizoweza kumenya mwenyewe. Mmoja akapanda, mwingine akashuka, na chumba kizima kikaona wizi mahali palipokuwa na sadaka. Katika chumba kile alikuwapo mtu mmoja tu aliyeweza kusema ukweli bila kumwaibisha yeyote siku ya kwanza kabisa, naye alikuwa amejifungia na daftari lake anaandika vizuri vya watu.

Nina hasira, na sina wa kumkasirikia zaidi ya mwenye mwandiko huu.

Ijumaa, 29 Novemba

Mchana nilimwita Bi Faidha pembeni, kwenye kivuli cha ghala. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akawa anatazama kidogo kulia kwangu. Sikumzungusha. Nilimwambia najua kuhusu ile mikono ya korosho, nimejua misimu miwili.

Aliitoa kanga begani akaikunja mara nne, kisha mara ya tano.

"Macho haya yamebakia na mwanga tu, mwanangu," alisema. "Umbo la korosho silioni. Nashika. Nikisema, nitaambiwa nirudi Mnyambe, na Mnyambe nina wajukuu wanne na mikorosho iliyozeeka kuliko mimi. Nikanyamaza. Nikamwacha mtoto wa watu aitwe mchawi, mimi nimenyamaza."

"Hata mimi nimenyamaza, Bi."

"Wewe ulikuwa na sababu gani?"

Nilimwambia kwamba sitamtaja mbele ya watu bila ruhusa yake, na kwamba kazi haitampotea, hilo nitalishughulikia leo hii. Akasema niache afikiri.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa meneja. Nilimweleza kila kitu isipokuwa jina la mwenye macho. Alisikiliza bila kunikatiza, uso umemshuka.

"Nilifikiri nampa heshima," alisema.

"Ulimpa. Hukumuuliza ana mahali gani pa kuiweka."

Akasema atautoa ubao sasa hivi. Nikamwambia asiutoe, ukitoka ghafla watasema tumeogopa dawa zake. Tungoje mpaka Jumatatu. Nikaona nimuongezee kitu, ingawa ulimi ulikuwa mzito. "Meneja, ile shikamoo unayompa mpishi kila asubuhi, tangu uanze hajaunguza ugali." Akacheka kidogo. Nimegundua si vigumu kama nilivyodhani. Ni kama maji ya baridi, shida ni kikombe cha kwanza.

Jumapili, 1 Desemba

Baada ya ibada nimekwenda tena Mkunya, daftari la mwaka juzi kwenye mkoba. Nilikuwa nimejizoeza njiani nitasema nini. Nilipofika yote yakapotea, nikafungua daftari nikamsomea tu. Tarehe 14. Tarehe 22. Tarehe 3. Kisha nikamsomea la mwaka jana, mara zote tisa.

Nilidhani atalia, au atanishukuru. Nakiri nilidhani hivyo.

"Uliona," alisema.

"Niliona."

"Misimu miwili ulikuwa unaona. Na Jumatatu ile ukaniuliza mbele ya watu kama picha imenipanda kichwani."

"Ndiyo."

"Mama Glory, nilikuwa nakaa pale nikijiambia hakuna anayejua isipokuwa Mungu, basi inatosha. Ningejua na wewe unajua, ningeinua uso siku kikombe cha maji kiliponipita. Ningekutazama wewe. Ungekuwa mmoja, lakini ungekuwepo."

Mvua ilianza tena, tukahamia barazani. Nilimwomba radhi. Sikutafuta maneno, nilisema nimekukosea, nisamehe. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na sikumdai. Nikamuuliza kama Jumatatu atakuja kuchukua kisu au kufanya kazi. Akasema kisu.

Jumatatu, 2 Desemba

Alikuja saa mbili na nusu, kila mtu yuko mezani. Hakuvaa aproni. Alipita katikati ya chumba kwenda kwenye droo ya visu, na visu vyote vilisimama. Nikajua sasa ndiyo au basi.

Nikasema kwa sauti, "Mama Sadallah, kaa kidogo, nina neno." Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtu mwingine. Alikaa mahali pake, kwenye ukingo wa benchi, kisu mkononi, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure akachukua korosho moja akaanza kumenya.

Kabla sijafungua kinywa, Bi Faidha aliinuka. Alipapasa ukingo wa meza hatua mbili, akaitoa kanga yake begani, akamfikia Shakila, akamfuta uso. Paji la uso, mashavu, kidevu, polepole, palepale kisu kikifanya kazi, kama tulivyomwona akimtunza yule binti kwenye harusi. Hakuna mwanamke wa uwanda huu asiyejua maana yake. Pale kwenye harusi hakusema neno. Leo alisema.

"Trei zangu nne mlizokuwa mkizihesabu, mbili zilikuwa za mtoto huyu. Misimu miwili. Macho yangu yamekufa, nilikuwa naficha. Alikuwa ananijazia trei na mimi nalipwa. Zilipopigwa namba akashindwa kunipa, ndiyo mkaona nimeshuka. Kama kuna chuma ulete humu ndani, basi mvutaji nilikuwa mimi."

Visu vikawekwa mezani, kimoja kimoja. Mvua tu juu ya bati.

Ilikuwa zamu yangu. "Na mimi nilijua," nilisema. "Nimeliandika, na sikumwambia yeye wala nyinyi. Mama Sadallah, tarehe 14 Novemba mwaka juzi ulimsogezea Bi Faidha mikono miwili ya korosho, hukutazama kama kuna anayekuona. Uliendelea hivyo misimu miwili, kwa kilo zako. Chumba hiki hakijawahi kumpoteza Bi Faidha, na sababu ni wewe. Nilitakiwa kukwambia siku ileile."

Hakuna aliyepiga kigelegele, na nikashukuru. Ila Maria, msichana mpya anayekaa meza ya mwisho, aliinuka, akachota maji kwenye ndoo, akakileta kikombe mpaka dirishani. Shakila alikitazama. Akanywa chote. Kisha akamwambia Bi Faidha, "Kaa chini, bibi, unaniziba mwanga," na watu wakacheka, na yule aliyecheka kwa pua siku ile akahamia benchi la dirishani na trei yake bila kusema kitu.

Shakila akafunga aproni.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alimwendea, akamuuliza kwa heshima kama anataka picha ibaki au itoke. Akasema itoke. Meneja akaibandua mwenyewe akampa mkononi.

Alhamisi, 5 Desemba

Bi Faidha yuko tanurini sasa. Nilimkumbusha meneja kwamba siku ya mvua ya kwanza bibi alisema korosho hazijakauka na alisema kweli. Kila trei inayotoka anaiviringisha kwa vidole. "Rudisha." "Rudisha." "Hii tayari." Vijana wa tanuri wanamtania kwamba ni hakimu. Vipande vimepungua kwenye kila meza. Nimemwambia hivyo leo, na nimemwambia ni kwa trei ngapi.

"Kumbe una ulimi," akasema.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua. Sikukuu, lakini nusu yetu tumefanya kazi kwa hiari.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimejifunza kitu kuhusu Flora wa meza ya tatu: ukimsifia mbele ya wenzake anafurahi mpaka anaharibu mbili tatu. Ukimsifia Josephina, jirani yake, vivyo hivyo, anachukia siku nzima, huyo anataka kuambiwa pembeni, na kwa ufupi. Miaka sita nimewaita "wamenyaji".

Ijumaa, 20 Desemba

Oda imetimia saa nane mchana. Saa nane na robo mvua ikanyesha, nasi tukatoka nje tukasimama ndani yake kama watoto.

Jumatano, 25 Desemba

Masasi, Mkomaindo, nyumbani kwa Baba. Amekonda, lakini sikio lake bado kali. Baada ya chakula nilimwambia, "Baba, Jumapili jioni ulikuwa ukinichongea penseli zote za wiki, unazipanga kwenye kopo. Sijawahi kukushukuru. Nilikuwa naingia darasani nikijua niko tayari kuliko wote."

Alitazama vidole vyangu.

"Ulikuwa unakandamiza mno," alisema. "Zilikuwa zinavunjika."

Kisha akaniomba nimsogezee kiti karibu na changu.

Jumatatu, 6 Januari

Meneja kaniita. Kuna kiwanda kipya kinafunguliwa Masasi, wanatafuta msimamizi wa chumba cha kumenya, wanaomba barua ya mtu anayemfahamu vizuri. Alinitazama akangoja. Sote wawili tunajua ni nani anayefaa, na sote tunajua akiondoka nitabaki na chumba kilichokatwa mkono wa kulia.

Nikasema nitafikiri. Nimefikiri toka mlangoni hadi kwenye kiti.

Jumatano, 8 Januari

Nimempa Shakila barua aisome kabla haijatiwa bahasha. Sikuandika kwamba ni mchapakazi wala hodari, maneno hayo kila barua inayo. Niliandika: anamaliza trei sita kwa siku bila kipande. Huona anayeshindwa kabla msimamizi hajaona. Kwa misimu miwili alimsaidia mwenzake bila kumwaibisha, hata alipochafuliwa jina hakumtaja. Mimi niliyaona hayo tangu tarehe 14 Novemba, miaka miwili iliyopita, na sikumwambia mpaka nilipokaribia kumpoteza. Chini nikatia sahihi.

Alisoma amesimama, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye sentensi ile ya mwisho kidole kilisimama.

"Hili nalo watalisoma?"

"Watalisoma."

"Watakuona vipi wewe?"

"Kama nilivyo."

Akaikunja barua taratibu, akanirudishia, akashika mkono wangu pamoja na karatasi yenyewe, asiuachie.

"Nimekusamehe, Mama Glory," alisema. "Toka ile siku ya mvua pale barazani nilikuwa natafuta pa kulisema."

Ijumaa, 17 Januari

Shakila kaondoka asubuhi na kisu cha mama yake kwenye kanga. Bi Faidha alimsindikiza mpaka barabarani, ameshika bega lake.

Benchi la dirishani nimemweka Maria. Saa nne hivi nilimwona anafuta visu vya meza nzima, vya wenzake wote, kisha anavirudisha kila kimoja kwa mwenyewe mpini ukiwa mbele. Nilipapasa mfuko wa aproni kutafuta kalamu. Nikaiacha humohumo, nikavuka chumba nikamwambia palepale, visu vikiwa bado mkononi mwake.

Kwa hiyo jioni hii, juu ya hilo, sina la kuandika.